Mtihani wa CWNA

Mtihani wa CWNA ni mtihani wa kitaalamu unaopima ujuzi wa kupanga, kufunga na kusimamia mitandao ya Wi-Fi. Hutungwa na CWNP, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1999, na anayefaulu hupewa cheti chenye jina hilohilo. Herufi CWNA ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "msimamizi aliyethibitishwa wa mitandao isiyo na waya".

Vyeti vingi vya mitandao hutolewa na makampuni yanayotengeneza vifaa, na kila kimoja hufundisha vifaa vya kampuni husika. CWNA hakifungamani na kampuni yoyote. Mtihani wake huuliza yale yanayofanana katika vifaa vyote: tabia ya mawimbi ya redio, kanuni za matumizi ya masafa, viwango vya 802.11 vya taasisi ya IEEE, na usalama wa mawasiliano ya hewani. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maandalizi ni fizikia na hesabu, na mtu aliyezoea mitandao ya nyaya pekee hulazimika kuanza karibu upya.

## Nafasi yake kati ya vyeti vya CWNP

CWNA ni cheti cha msingi kwa mtu anayetaka kufanya kazi ya Wi-Fi kama taaluma. Hakuna cheti kinachotakiwa kabla yake, ingawa mtahiniwa hutarajiwa kujua misingi ya mitandao ya kompyuta.

Juu yake kuna vyeti vitatu vya ubingwa: CWSP cha usalama, CWDP cha usanifu wa mitandao, na CWAP cha uchambuzi wa mawasiliano. Ngazi ya juu kabisa ni CWNE. Hiyo haipatikani kwa mtihani mmoja: mwombaji huwa na vyeti vyote vinne vilivyotajwa, uzoefu wa kazi wa miaka 3, barua za watu wanaomthibitisha, na maandishi yanayoeleza kazi alizofanya.

Cheti cha CWNA hudumu miaka 3. Mwenye cheti hukihuisha kwa kufaulu toleo jipya la mtihani uleule au kwa kufaulu mtihani mmoja wa ngazi ya ubingwa.

## Muundo wa mtihani

Mtihani una maswali 60 ya kuchagua jibu, na muda wake ni dakika 90, yaani wastani wa dakika moja na nusu kwa kila swali. Alama ya kufaulu ni asilimia 70. Anayetaka kuwa mkufunzi wa kozi hiyo hutakiwa kupata asilimia 80.

Toleo la mtihani hutambulishwa kwa namba. CWNA-108 ilianza kutumika mwaka 2020 na CWNA-109 ikaifuata mwaka 2023. Mabadiliko hutokana na viwango vipya vya Wi-Fi, hivyo kitabu cha toleo la zamani hufaa kwa misingi ya mawimbi lakini hupungukiwa katika teknolojia mpya.

Maswali hugawanywa katika maeneo saba:

- teknolojia ya mawimbi ya redio
- kanuni na viwango
- itifaki na vifaa
- usanifu wa mitandao
- usalama
- uhakiki wa mawimbi mahali mtandao ulipofungwa
- utatuzi wa matatizo

## Mambo yanayotahiniwa

### Mawimbi na vizuizi

Wi-Fi hutumia mawimbi ya redio, hasa katika masafa ya gigahezi (GHz) 2.4, 5 na 6. Urefu wa wimbi hupungua masafa yanapoongezeka: kwa 2.4 GHz wimbi moja lina urefu wa karibu sentimita 12.5, na kwa 5 GHz karibu sentimita 6.

Mtahiniwa hutakiwa kujua yanayolipata wimbi njiani. Chuma na mabati huliakisi. Maji hulifyonza, na kwa kuwa mwili wa binadamu una maji mengi, ukumbi uliojaa watu hupitisha mawimbi vibaya kuliko ukumbi uleule ukiwa mtupu. Ukuta mwepesi wa mbao za jasi hukadiriwa kupunguza mawimbi ya 2.4 GHz kwa desibeli 3 hivi, na ukuta wa zege kwa desibeli 12 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi: ukuta wa kwanza huacha nusu ya nguvu, wa pili huacha sehemu moja kati ya kumi na sita.

### Hesabu ya desibeli

Hili ndilo eneo linalowasumbua watahiniwa wengi mwanzoni, na ndilo linalobeba maeneo mengine. Nguvu ya mawimbi yanapotoka kwenye kifaa huhesabiwa kwa miliwati (mW), lakini yanapofika kwa mpokeaji huwa yamepungua mno. Simu inaweza kufanya kazi vizuri kwa mawimbi yenye nguvu ya miliwati 0.0000001. Kuandika na kuzidisha namba za namna hiyo huleta makosa, kwa hiyo hutumika desibeli (dB), kipimo cha uwiano kinachotokana na logi. Kipimo cha dBm hulinganisha nguvu na miliwati 1: miliwati 1 ni 0 dBm, na zile miliwati 0.0000001 ni −70 dBm.

Mtahiniwa hahitaji jedwali la logi. Hufundishwa kanuni ya kumi na tatu:

- ukiongeza 10 dB, nguvu huzidishwa kwa 10
- ukipunguza 10 dB, nguvu hugawanywa kwa 10
- ukiongeza 3 dB, nguvu huzidishwa kwa 2
- ukipunguza 3 dB, nguvu hugawanywa kwa 2

Chukua mfano wa kifaa kinachotoa miliwati 100, yaani 20 dBm. Waya unaokwenda kwenye antena unapoteza 3 dB, na antena inaongeza 10 dB. Kwa desibeli hesabu ni 20 − 3 + 10 = 27 dBm. Kwa miliwati ni 100 ÷ 2 = 50, kisha 50 × 10 = 500. Majibu yote mawili ni kitu kimoja, na anayeweza kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kikokotoo ameelewa.

Mawimbi hayohayo yakisafiri mita 100 mahali pa wazi kwa masafa ya 2.4 GHz, hupoteza karibu 80 dB. Mpokeaji atapata karibu −53 dBm, ambazo ni nyingi kwa mahitaji ya kawaida. Kanuni nyingine ya kukumbuka ni ya 6 dB: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hupungua kwa 6 dB, yaani hubaki robo.

Makosa ya kawaida katika eneo hili ni matatu. La kwanza ni kudhani kwamba 0 dBm maana yake hakuna nguvu. La pili ni kudhani kwamba −80 dBm ni zaidi ya −70 dBm kwa sababu 80 ni zaidi ya 70. Kwa kweli ni ndogo mara kumi. La tatu ni kujumlisha dBm na dBm. Vifaa viwili vya 20 dBm kila kimoja havitoi 40 dBm. Vinatoa miliwati 100 na 100, jumla 200, ambazo ni 23 dBm.

### Antena

Antena haitengenezi nguvu mpya. Hukusanya nguvu iliyopo na kuielekeza, kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga wa balbu. Antena ya kijiti husambaza mawimbi pande zote kwa umbo la donati, na ndiyo maana mtu aliye chini kabisa ya antena anaweza kupata mawimbi hafifu kuliko aliye kando yake. Antena ya sahani hutuma mbali lakini upande mmoja tu.

Kwa viungo vya masafa marefu kati ya majengo, mtahiniwa hujifunza eneo la Fresnel, nafasi yenye umbo la yai refu inayouzunguka mstari kati ya antena mbili. Kuona antena ya pili kwa macho hakutoshi. Angalau asilimia 60 ya nusu-kipenyo cha eneo hilo inapaswa kuwa wazi. Mti unaokua chini ya mstari huo unaweza kuharibu kiungo hata kama haujaugusa mstari wenyewe.

### Masafa na chaneli

Katika 2.4 GHz chaneli zimepangwa kila baada ya megahezi 5, lakini mawimbi ya kifaa kimoja huchukua upana wa karibu megahezi 20. Kwa hiyo chaneli jirani huingiliana. Chaneli tatu zisizoingiliana zinazotumika kote ni 1, 6 na 11.

Hapa mtihani hupima uelewa. Mtu anayeona majirani wako kwenye chaneli 1 na 6 anaweza kuchagua 3 akidhani ameepuka wote wawili. Kumbe ameharibu zote mbili. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja husikiana na kupeana zamu, lakini vilivyo kwenye chaneli zinazoingiliana nusunusu husikia kelele tu.

Masafa ya 5 GHz yana chaneli nyingi zaidi. Baadhi hutumiwa pia na rada, na kifaa cha Wi-Fi kinachosikia rada hulazimika kuhama chaneli. Marekani ilifungua masafa ya 6 GHz kwa Wi-Fi mwezi Aprili 2020, na nchi nyingine zikafuata kwa viwango tofauti.

### Viwango vya 802.11

Mtahiniwa hujifunza mfululizo wa viwango na tofauti zake:

- 802.11 ya awali (1997): megabiti 1 na 2 kwa sekunde
- 802.11b (1999): hadi megabiti 11, masafa ya 2.4 GHz
- 802.11a (1999): hadi megabiti 54, masafa ya 5 GHz
- 802.11g (2003): hadi megabiti 54, masafa ya 2.4 GHz
- 802.11n (2009): antena nyingi kwa pamoja, huitwa Wi-Fi 4
- 802.11ac (2013): chaneli pana za 5 GHz, huitwa Wi-Fi 5
- 802.11ax (2021): ufanisi penye watumiaji wengi, huitwa Wi-Fi 6
- 802.11be (iliidhinishwa 2024): huitwa Wi-Fi 7

Majina ya Wi-Fi 4, 5 na 6 yalitangazwa na muungano wa Wi-Fi Alliance mwaka 2018 ili wanunuzi wasichanganywe na herufi.

Kabla ya 802.11n, mawimbi yaliyoakisiwa ukutani na kufika kwa kuchelewa yalikuwa hasara tu. Tangu kiwango hicho, vifaa vyenye antena kadhaa huweza kuyatumia mawimbi hayo kubeba taarifa zaidi.

### Kupokezana hewani

Kwenye waya wa kisasa kila kompyuta ina njia yake. Hewani wote hutumia njia moja, na kifaa hakiwezi kutuma na kusikiliza kwa wakati uleule katika chaneli moja. Hali hiyo inafanana na mkutano usio na mwenyekiti ambapo kila mmoja ana adabu ya kusubiri. Kifaa husikiliza kwanza. Kikikuta kimya, husubiri muda wa bahati nasibu, kisha hutuma. Mpokeaji hujibu kwamba amepata. Jibu lisipokuja, mtumaji hudhani ujumbe umepotea na kuutuma tena.

Utaratibu huu huitwa CSMA/CA. Ndio unaoeleza kwa nini kasi iliyoandikwa kwenye boksi la kifaa haipatikani kamwe mezani: sehemu kubwa ya muda hutumika kusubiri na kuthibitisha. Ndio pia unaoeleza kwa nini simu moja ya zamani inayotuma polepole hupunguza kasi ya wote, kwa kuwa hushikilia hewa kwa muda mrefu.

Tatizo mashuhuri katika eneo hili ni kifaa kilichofichika. Kompyuta mbili zilizo pande mbili za ukuta mnene zinasikika na kituo cha Wi-Fi, lakini hazisikiani. Kila moja huona hewa iko kimya, hutuma, na taarifa hugongana kituoni.

### Usalama

Mtihani hufuata historia ya ulinzi wa Wi-Fi. WEP, iliyokuja na kiwango cha 1997, ilionyeshwa mwaka 2001 kuwa inavunjika. WPA ilitolewa mwaka 2003 kama suluhisho la muda, na WPA2 mwaka 2004 ikitumia usimbaji wa AES. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alitangaza udhaifu ulioitwa KRACK katika namna vifaa vinavyokubaliana funguo. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018.

Mtahiniwa hutakiwa pia kujua kisichokuwa ulinzi. Kuficha jina la mtandao hakumzuii mwenye programu ya kunasa mawimbi, na kuruhusu vifaa kwa anwani zao za MAC hakusaidii sana, kwa sababu anwani hizo husikika hewani na zinaweza kuigwa.

### Upimaji na utatuzi wa matatizo

Sehemu hii huunganisha zote zilizotangulia. Mfano mmoja huonyesha jinsi maswali yake yanavyofikiriwa.

Watumiaji wanalalamika kwamba simu zinaonyesha mtandao umejaa, lakini kurasa hazifunguki. Fundi asiyejua mawimbi huongeza nguvu ya kituo cha Wi-Fi hadi mwisho. Tuseme kituo sasa kinatuma 23 dBm, yaani miliwati 200, huku simu ikituma 14 dBm, karibu miliwati 25. Tofauti ni 9 dB, yaani mara nane. Simu iliyo mbali inakisikia kituo vizuri na kuonyesha vistari vyote, lakini sauti yake haifiki. Mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili, na kila ujumbe unahitaji jibu. Zaidi ya hayo, kituo kinachopiga kelele mbali hulazimisha vituo vingine vya chaneli ileile kusubiri. Suluhisho mara nyingi ni kupunguza nguvu na kuongeza au kuhamisha vituo.

Kipimo kingine kinachoulizwa ni tofauti kati ya mawimbi na kelele. Mawimbi yakiwa −70 dBm na kelele −95 dBm, tofauti ni 25 dB, ambayo kwa kawaida inatosha kwa sauti na takwimu. Kelele zikipanda hadi −80 dBm, tofauti hubaki 10 dB na mtandao hudhoofika, ingawa nguvu ya mawimbi haijabadilika.

## Maandalizi

Kitabu kinachotumiwa sana ni mwongozo wa David Coleman na David Westcott unaochapishwa na Sybex. CWNP nayo ina vitabu na kozi zake. Hati ya kiwango chenyewe cha 802.11 haifai kusomwa yote na mtahiniwa: toleo la mwaka 2020 lina zaidi ya kurasa 4,000.

Mpangilio unaofaa ni kuanza na mawimbi na desibeli, kisha antena, kisha chaneli, kabla ya kuingia kwenye itifaki na usalama. Anayeanza na orodha ya viwango hukariri namba zisizo na maana kwake na huzisahau mapema.

Sehemu kubwa inaweza kufanyiwa mazoezi kwa vifaa vya nyumbani:

- kutatua hesabu tano au sita za desibeli kila siku bila kikokotoo
- kutembea ndani ya jengo ukiwa na programu ya simu inayoonyesha dBm, na kuandika namba kabla na baada ya kila ukuta
- kubadilisha chaneli na nguvu ya ruta, kisha kulinganisha kasi
- kunasa mawasiliano kwa programu huria ya Wireshark na kutambua aina tatu za fremu: za usimamizi, za udhibiti na za data. Kazi hii huhitaji kadi ya Wi-Fi inayokubali kusikiliza bila kujiunga na mtandao, na huwa rahisi zaidi kwenye Linux.

Mtu aliyeona kwa macho yake mawimbi yakishuka kutoka −55 hadi −67 dBm nyuma ya ukuta hahitaji kukariri kwamba zege hupunguza mawimbi.

## Maswali yaliyovuja

Kama mitihani mingi ya teknolojia, CWNA huandamwa na biashara ya maswali yanayodaiwa kuibwa kutoka kwenye mtihani wenyewe. Watahiniwa hukubali masharti ya usiri kabla ya kuanza, na anayebainika kuyavunja anaweza kunyang'anywa cheti.

Hasara nyingine ni ya kazi. Majibu ya orodha hizo mara nyingi si sahihi, na hata yakiwa sahihi hayamfundishi mtu afanye nini hali ikibadilika kidogo. Swali la mtihani huwa na majibu manne, jengo halina. Mwenye cheti hutegemewa na hospitali, shule au kiwanda kinachotaka mtandao ufanye kazi, na kosa la chaneli au la nguvu hujulikana siku ya kwanza watu wanapojaa.

## Watahiniwa wa Afrika Mashariki

Mtihani hufanywa kwa Kiingereza na ada yake hupangwa kwa dola za Marekani. Anayeshindwa hulipa tena, isipokuwa kama alinunua nafasi ya kurudia mapema. Kwa kipato cha mafundi wengi wa ukanda huu, gharama hiyo hufanya maandalizi ya kutosha kuwa jambo la lazima.

Vitabu vya CWNA hutumia mara nyingi mifano ya Marekani, na mtahiniwa wa Afrika Mashariki hutakiwa kutofautisha kanuni ya fizikia na kanuni ya nchi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) umegawa dunia katika kanda tatu: Afrika iko kanda ya 1 pamoja na Ulaya, na Marekani iko kanda ya 2. Kwa mfano, Marekani hutumia chaneli 1 hadi 11 katika 2.4 GHz, wakati nchi za Ulaya na nyingine nyingi huruhusu hadi 13. Viwango vya nguvu na masafa yaliyo wazi huamuliwa na msimamizi wa kila nchi: TCRA nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya, na UCC nchini Uganda. Mtandao uliopangwa kwa kufuata kitabu cha Marekani unaweza kuwa sahihi katika mtihani na kuvunja sheria ukifungwa mahali pengine.

Majengo nayo hutofautiana. Kuta za jasi zinazotajwa vitabuni si za kawaida katika ukanda huu, ambako matofali ya saruji, zege na mapaa ya mabati ndiyo yanayotawala. Hesabu za desibeli ni zilezile. Namba za kuingiza ndizo hubadilika, na hupatikana kwa kupima.

Upande mmoja humsaidia mwanafunzi wa ukanda huu. Logi hufundishwa katika hisabati ya sekondari, na nchini Tanzania huanza kidato cha pili. Aliyeielewa wakati huo ana ufunguo wa sehemu ngumu zaidi ya mtihani.

## Tazama pia

- Wi-Fi
- Desibeli
- Mawimbi ya redio
- Antena
- IEEE
- Usalama wa kompyuta